Miaka Sita ya Paul Skenes

Mwishoni mwa Septemba 2025 mpwa wangu aliye Tanga alinitumia ujumbe. Alikuwa ameona kwenye simu video fupi ya Paul Skenes, mrushaji mpira wa timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates ya Marekani, lile jitu lenye masharubu, akimwacha mpigaji ameduwaa na gongo begani. "Shikamoo mjomba. Huyu si ndiye wa timu yako? Mmemaliza wa ngapi?" Nikamjibu: wa mwisho, kwenye kundi la timu 5. Zikapita kama dakika mbili. "Poleni sana. Kwa hiyo mnashuka daraja?"

Mtoto wa Tanga akiuliza habari za kushuka daraja haulizi kwa mzaha. Msimu wa 2015/16 Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zote 3 za mkoa zilizokuwa Ligi Kuu, zilishuka kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Pittsburgh Pirates hawashuki, na hawawezi kushuka hata wakipoteza michezo yote 162 ya msimu, alidhani namtania. Nikamwongezea kwamba wakiwa wabovu wanapewa nafasi nzuri ya kuchagua chipukizi, na kila mwaka wanapokea fungu kutoka kwa matajiri. Hapo akaacha kabisa kujibu.

Nimekaa Pittsburgh miaka ya kutosha kuwapenda hawa Pirates bila kulazimishwa na mtu. Haya hapa ndiyo majibu marefu niliyobaki nikidaiwa.

Ligi isiyo na mlango wa chini

Besiboli ya kulipwa ya Marekani ina timu 30. Hakuna wa kupanda wala wa kushuka. Umiliki wa timu ni kama leseni ya kituo cha daladala mahali ambapo serikali imeapa haitatoa leseni nyingine: biashara ikienda vibaya, kituo bado ni chako, na thamani yake inapanda tu. Fedha za televisheni ya kitaifa hugawanywa sawa kwa wote. Juu ya hapo, kila timu inaweka asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye chungu kimoja, kisha chungu kinagawanywa sawa kwa sawa. New York na Los Angeles hutia kingi na kutoka na kidogo. Pittsburgh hutia kidogo na kutoka na kingi.

Kwenye mishahara, hakuna dari wala sakafu. Ipo kodi kwa anayezidi kiwango fulani (mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241), lakini anayetaka kulipa kodi na kuendelea kununua hakuna wa kumshika mkono. Los Angeles Dodgers wanalivuka hilo bila hata kupepesa jicho, na wamebeba ubingwa wa 2024 na wa 2025. Pirates msimu huo wa 2025 walikuwa karibu dola milioni 90. Na hakuna sheria inayowaambia kwamba hizo ni chache mno.

Hapa ndipo ugomvi wa mashabiki na mmiliki ulipo. Bob Nutting, ambaye familia yake imejijenga kwa magazeti, ndiye mmiliki mkuu tangu 2007. Fedha za mgawo zimekusudiwa kuboresha timu uwanjani, na Februari 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya timu 4, Pirates wakiwemo, kuhusu namna zinavyozitumia. Mchezo wa kwanza wa nyumbani wa 2025, Aprili, ndege ndogo ilizunguka juu ya uwanja ikiburuta bango la kumtaka auze timu, na jukwaa zima likawa linaimba hivyo hivyo. Nilikuwapo. Baridi ya Aprili ya Pittsburgh si ya kuimbia, inauma meno, lakini watu waliimba.

Mashabiki wenzangu wengi wanaishia hapo: bahili, auze, tumemaliza. Mimi naona ubahili ni nusu ya ugonjwa, na nusu ile nyingine haizungumzwi vya kutosha. Ili kuiona lazima kwanza uelewe hesabu ya siku.

Siku 172

Mchezaji wa besiboli hasajiliwi kama wetu wa soka, kwa mkataba wa miaka 2 au 3 kisha anasepa. Kijana wa Marekani anaingia kupitia drafti. Si ile ya vizibo vya soda barazani. Hii ni siku ambayo timu zinapokezana kuchagua vijana kutoka shule na vyuo, na kijana akishachaguliwa hana timu nyingine ya kuzungumza nayo. Anapelekwa timu za kulea, ambazo zina madaraja 4 makuu (za Pirates zipo Bradenton, Greensboro, Altoona na Indianapolis), na siku akiitwa timu kubwa, saa yake inaanza kuhesabu.

Mwaka 1 wa utumishi ni siku 172 kwenye kikosi kikubwa. Miaka 3 ya kwanza, mshahara unapangwa na timu, mradi usishuke chini ya kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000. Miaka 3 inayofuata mchezaji anaweza kwenda kwenye usuluhishi: yeye anataja kiasi chake, timu inataja chake, na jopo linachagua kimojawapo. Haliruhusiwi kukata katikati. Mwaka wa sita ukiisha, yuko huru, na hapo ndipo watu wanasaini mikataba kama wa Juan Soto na New York Mets, dola milioni 765 kwa miaka 15.

Sasa mtazame Skenes. Alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023 akitokea chuo cha LSU, akapewa dola milioni 9.2 za kusaini. Mei 11, 2024 alirusha mchezo wake wa kwanza ligi kubwa. Mwaka huo huo akawa chipukizi bora wa ligi ya National, nusu moja ya ligi kubwa. Mwaka 2025 akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote bila hata moja kupotea: michezo 32, wapigaji 216 wameondolewa kwa kukosa mpira, na kwa kila awamu 9, yaani urefu wa mchezo mmoja, aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 ya kuhesabiwa kwake (mkimbio ndio bao la besiboli). Mshahara wake mwaka huo? Dola 875,000. Kuna mfuko wa bonasi ambao ligi nzima inauchangia kwa ajili ya vijana kama yeye, lakini kile kinachotoka mfukoni mwa Pirates kama mshahara hakifikii hata asilimia 2 ya wastani wa Soto kwa mwaka.

Kwa nini aliitwa Mei, si Machi? Jibu rasmi siku zote huwa ni la kiufundi: anajengwa taratibu, mkono wake unalindwa. Huenda ni kweli. Lakini msimu una siku kama 187, na ukimchelewesha kijana wiki mbili na ushee tu hafikishi zile 172, na unajipatia mwaka wa saba wa kumtumia kwa bei ya kutupa. Chicago Cubs walifanya hivyo kwa Kris Bryant 2015: akaishia siku 171, akalalamika rasmi, akashindwa. Makubaliano ya 2022 yaliweka kizuizi: kijana akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za chipukizi bora, anahesabiwa mwaka mzima hata kama aliitwa katikati. Ndiyo maana Skenes, pamoja na kuanza Mei, ameshahesabiwa 2024 yote. Saa yake inakwisha baada ya msimu wa 2029.

Miaka 6, basi. Miwili ya kwanza imekwisha, 2024 na 2025. Wa kwanza Pirates walishinda 76 wakapoteza 86. Wa pili walishinda 71 wakapoteza 91.

Kwetu mvuvi akienda bahari kuu ananunua barafu kwanza. Barafu haimvulii samaki, inampa muda. Sasa fikiria mvuvi aliyebahatika kupewa barafu karibu na bure, akaipakia, halafu akakaa ufukweni akibana matumizi ya chambo na kujisifu jinsi barafu ilivyokuwa rahisi. Hao ndio Pirates. Miaka ya Skenes ya mshahara mdogo haikutolewa ili ikae kibubuni. Pengo kati ya thamani yake na mshahara wake ndilo pesa ya kununulia wapigaji, sasa hivi, kabla haijayeyuka.

Mikono ipo, magongo hayapo

Mei 18, 2025, kule Philadelphia. Nilikuwa naangalia kwa simu jikoni huku nakaanga samaki, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Skenes alirusha awamu zote 8 zilizomhusu, mchezo wake wa kwanza kuukamilisha peke yake tangu aingie ligi kubwa. Akaruhusu mkimbio 1. Wenzake wakafunga sifuri. Mchezo ukaisha 1-0 na kwenye kitabu ikaandikwa kwamba Skenes amepoteza.

Besiboli ina desturi hii ya kumwandikia mrushaji ushindi au kipigo kana kwamba alicheza peke yake, na wataalamu wa takwimu walishaacha kuipa uzito. Lakini kama kumbukumbu ya aibu ya timu inafaa sana: mrushaji bora wa ligi ya National wa 2025 aliandikiwa ushindi 10 na vipigo 10. Mwaka huo Pirates walikuwa mkiani mwa ligi nzima, timu zote 30, kwa mikimbio na kwa homurani, ile mipigo inayoutoa mpira nje ya uwanja. Warushaji wao, kwa upande mwingine, walikuwa miongoni mwa wazuri. Mtu akisema Pirates ni wabovu anakosea kidogo. Ni nusu timu nzuri sana iliyofungiwa jela moja na nusu timu mbaya sana.

Hili si la mwaka mmoja. Ben Cherington aliajiriwa kuwa meneja mkuu Novemba 2019 ili ajenge upya kutoka chini. Akabomoa. Timu ikapoteza michezo 101 mwaka 2021 na 100 mwaka 2022, na tukaambiwa tuvumilie, kwa sababu kupoteza kunaleta chaguo zuri la drafti. Na kweli lilikuja, mara mbili la kwanza kabisa: 2021 wakamchukua Henry Davis, mdaka mpira ambaye sifa yake kubwa ilikuwa gongo; 2023, baada ya kushinda bahati nasibu ya kwanza kabisa ya drafti, wakamchukua Skenes. Skenes unamjua sasa. Davis msimu wa 2025 alipiga chini ya wastani wa 0.200, yaani katika kila majaribio 10 yanayohesabiwa hakupata hata hiti 2, yaani mipigo inayomfikisha mpigaji kituoni salama.

Mtu mmoja akishindwa ni bahati. Lakini ukiipanga orodha ya waliopitia mikononi mwa Pirates miaka hii, warushaji wanapanda na wapigaji wanakwama. Mitch Keller alitoka kuwa mzigo akawa wa kutegemewa, akapewa dola milioni 77 kwa miaka 5. Bubba Chandler aliitwa Agosti 2025 na mpira wake unapita kama risasi. Hata jicho lao la mbali linaona mikono: wamemsajili David Matoma, kijana wa Uganda mwenye mkono wa kulia wenye kasi, na jirani zetu wa Kampala wana haki ya kujivunia. (Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kubwa pia alivaa jezi hii: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 26, 2017, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapata hiti mbele ya Jon Lester wa Cubs. Nikimtajia mtu wa hapa jambo hilo hutazama kando kidogo, kana kwamba nimemuuliza habari za shangazi waliyemsahau.)

Kwa wapigaji ni hadithi nyingine. Oneil Cruz ana nguvu na mbio ambazo Mungu hagawi ovyo, na bado msimu unaisha ukijiuliza ni lini zitakuwa mazoea badala ya miujiza. Ke'Bryan Hayes alipewa miaka 8 na dola milioni 70 mwaka 2022. Mikono yake ya kudaka ni dhahabu, gongo halikuamka, na Julai 2025 wakamhamishia Cincinnati. Mpaka 2025 inaisha, Bryan Reynolds ndiye aliyekuwa na mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya timu, dola milioni 106.75 kwa miaka 8. Huyo ndiye aliyekuwa kilele. Kuna timu ambazo kiasi hicho ni cha mchezaji wa nne.

Mei 8, 2025, wakiwa wameshinda 12 na kupoteza 26, wakamfukuza kocha Derek Shelton na kumpa kazi Don Kelly, mtoto wa maeneo haya haya. Chini ya Kelly walishinda 59 wakapoteza 65. Afadhali, lakini kocha wa besiboli si kocha wa soka. Hawezi kubadili mfumo wakati wa mapumziko na kugeuza matokeo. Anapanga zamu ya kupiga, anaamua mrushaji atoke lini, analinda amani chumbani. Aliyewaleta wachezaji wale na aliyeshindwa kuwafundisha kupiga anakaa ofisi ya juu zaidi, na huyo hakuguswa.

Jirani mwenye duka dogo

Utetezi wa kawaida ni kwamba Pittsburgh ni soko dogo. Ni kweli. Mji uliojengwa kwa chuma, chuma kikaondoka, watu wakaondoka nacho. Huwezi kuutaka upambane na Los Angeles dola kwa dola.

Lakini Milwaukee je? Eneo la Milwaukee ni dogo kuliko letu, wamo kundi moja nasi, mishahara yao iko chini ya wastani wa ligi, na 2025 walishinda michezo 97, mingi kuliko timu yoyote katika zote 30. Nao huuza nyota: Februari 2024 walimwachia Corbin Burnes, mshindi wa Cy Young, akiwa amebakiza mwaka 1, wakapokea vijana, na hawakuanguka. Tofauti ni kwamba pale mchezaji wa kawaida akiingia anatoka bora zaidi. Ni kama fundi cherehani wawili wa mtaa mmoja wanaonunua kitambaa duka moja. Mmoja ana foleni mlangoni, mwingine analaumu bei ya kitambaa. Lakini nisiwapake sukari: Milwaukee nao hawajawahi kubeba ubingwa wa dunia hata mara moja. Pirates wanao 5, wa mwisho ni wa 1979.

Kuhusu kuuza, sisi tuna kidonda chetu. Julai 2018 Pirates walishinda mara 11 mfululizo, uongozi wa wakati huo ukapata joto, na siku ya mwisho ya dirisha ukamnunua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay. Kwa mara moja tulitoa, tukafurahi, tukanunua jezi. Tulichotoa: Tyler Glasnow, Austin Meadows, na kijana mmoja "atakayetajwa baadaye", ambaye alipotajwa akawa Shane Baz. Meadows mwaka uliofuata akawa kwenye mchezo wa nyota. Glasnow leo ana pete ya ubingwa na Dodgers. Archer hakutufaa. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2018, walikuwa wameshamuuza Gerrit Cole kwenda Houston na Andrew McCutchen, moyo wa mji huu, kwenda San Francisco. Cole baadaye akapata dola milioni 324 za New York Yankees na Cy Young yake.

Naamini woga mwingi wa leo unatoka kwenye dili lile. Uongozi mpya uliingia mwaka uliofuata ukiwa umejifunza kwamba kutoa vijana ni hatari. Somo lililopaswa kujifunzwa ni jingine: Pirates hawakujua walichokuwa nacho. Tampa waliwatazama vijana wale wale wakaona kitu tofauti. Ukikosa jicho la kuthamini mali yako mwenyewe, ukiuza utaumia na ukikaa nayo utaumia.

Kabla ya hapo tulikuwa na miaka 3 mizuri, na ni lazima niiseme maana wengine wanaongea kana kwamba mji huu haujawahi kuonja. Baada ya 1992, nyota wao Barry Bonds alipoondoka, timu ilimaliza misimu 20 mfululizo ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Watoto walizaliwa, wakakua, wakapiga kura, hawajaona msimu mzuri. Kisha 2013, mchezo mmoja wa kufa na kupona dhidi ya Cincinnati, uwanja mzima ukawa unaimba jina la mrushaji wa Cincinnati, "Cueto, Cueto", mpaka mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini. Mpira uliofuata Russell Martin wa Pirates akautoa nje. Mwaka 2015 walishinda michezo 98 na bado wakatolewa kwa mchezo mmoja na Cubs. Tangu siku ile hawajarudi kwenye mtoano.

Ukuta wa futi 21

Kuna jambo dogo ambalo linaonyesha uongozi kuliko hesabu zote hizo. Ukuta wa kulia wa PNC Park, uwanja wa Pirates, una urefu wa futi 21, kwa heshima ya jezi namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wao wa zamani. Huyu Mpuerto Rico alipata hiti yake ya 3,000 mwishoni mwa msimu wa 1972, na Desemba 31 mwaka huo huo akafa kwenye ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa watu wa tetemeko Nicaragua. Hiti zake zikabaki 3,000 kamili. Daraja linaloingia uwanjani lina jina lake, na siku ya mchezo linafungwa kwa magari, watu wanatembea juu yake na watoto mabegani.

Msimu wa 2025 ulipoanza, alama yenye namba 21 iliyokuwa ukutani pale haikuwapo. Mahali pake palikuwa na tangazo la kinywaji cha pombe. Familia ya Clemente ikasikitika hadharani, mji ukawaka, timu ikaomba radhi na kuirudisha. Mwezi huo huo yakaonekana matofali yenye majina ambayo mashabiki waliyalipia wakati uwanja unajengwa, yakiwa yametupwa kwenye lundo la taka za kusaga. Mtu ambaye jina la baba yake marehemu lilikuwa kwenye tofali lile hahitaji kufundishwa maana ya mgawo wa mapato.

Siamini kulikuwa na mtu aliyekaa akapanga kuudhi. Nadhani ni uzembe wa watu wasioangalia kilicho mbele yao, na ni uzembe ule ule unaomfanya mtu awe na Skenes na asione kwamba kalenda inakwenda.

Majira ya baridi ya 2025/26, nikiri, walichangamka. Desemba walimleta Brandon Lowe kutoka Tampa Bay, aliyepiga homurani 31 mwaka 2025, ingawa mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu 1 tu. Wakamsaini Ryan O'Hearn kwa miaka 2 na dola milioni 29. Kwa Dodgers hizo ni pesa za kununulia maandazi. Kwa Pirates, ambao kwa miaka walikuwa wakiokota wapigaji wazee kwa mwaka mmoja mmoja kama mtu anayenunua mkaa kwa kopo, ni mabadiliko ya tabia. Wawili hawa hawatoshi kuitoa timu mkiani mpaka mtoano, lakini wanaweza kuifikisha kwenye ushindi 80 na kitu, na kutoka hapo lolote linawezekana hasa anayeanzisha mchezo akiwa Skenes.

Skenes mwenyewe haondoki, uongozi umeshasema hadharani kwamba hauzwi. Kumbakiza baada ya 2029? Sioni. Na juu ya yote, makubaliano ya ligi na wachezaji yanakwisha Desemba 1, 2026. Wamiliki wengi wanataka dari ya mishahara, wachezaji hawataki kusikia, na milango inaweza kufungwa. Anayepanga ya 2027 anapanga gizani.

Kwa hiyo kuelekea msimu wa 2026 macho yangu yako kwa kijana mmoja. Konnor Griffin, aliyechaguliwa wa 9 mwaka 2024 akitoka sekondari, alianza 2025 daraja la chini na kuumaliza Altoona: wastani wa 0.333, homurani 21, besi 65 alizoiba (vituo alivyovikimbilia bila mpira kupigwa), akiwa na umri wa miaka 19. Ni mpigaji, hatimaye. Kanuni ya sasa inasema kijana wa kiwango chake akikaa kikosini mwaka kamili akawa chipukizi bora, timu inazawadiwa chaguo la ziada la drafti. Lakini ile hesabu ya zamani nayo bado ipo: mcheleweshe wiki mbili na ushee, umpate mwaka wa saba, labda.

Mpwa wangu amerudi kuuliza. Safari hii anataka kujua aangalie nini ili ajue kama wamebadilika, maana hana muda wa michezo 162, ana mitihani. Nimemwambia aangalie kitu kimoja, kikosi cha siku ya kwanza ya msimu wa 2026. Kama jina la Griffin limo, anipigie. Kama halimo, ahesabu siku 16 kwenye kalenda, aniambie wamemwita ya ngapi.